Ugonjwa wa Ufundi

4 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Hujambo wewe, na Shangazi hajambo? Mimi ni mzima, ila dawa ya sakafu imenikausha mikono. Nimeanza kuipaka mafuta, inaendelea vizuri.

Nina habari. Wamenitoa kwenye kufua mashuka, wamenipeleka kupiga deki wodi ya moyo. Wenzangu walinipa pole, maana huko hakuna kupumzika, lakini nimepapenda kuliko nilivyotarajia. Sababu ni daktari mmoja. Ni mwanamke mfupi, mtu mzima, anavaa raba, na wanafunzi wake wanamwita Rula kwa sababu hataki jibu lililopinda. Kila siku saa tatu asubuhi anapita kitanda hadi kitanda na wanafunzi kumi nyuma yake, anawafundisha papo hapo. Saa tatu ikifika, na deki langu nalo liko karibu. Kuna kigae pale kitanda cha nne nimekisugua mpaka mtu anaweza kujitazama na kuchana nywele.

Yule mama akieleza jambo, hata ndoo inaelewa. Jana alieleza mshtuko wa moyo unatoka wapi. Anasema moyo nao ni msuli, una mishipa yake ya kuuletea damu. Kwa miaka mingi mafuta yanajijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, njia inazidi kuwa nyembamba, na mwenyewe hana habari. Siku moja ule utando wa mafuta unapasuka, damu inaganda pale pale, njia inaziba, na kipande cha moyo kinachokosa damu kinaanza kufa. Akawauliza wanafunzi ni nini kinaleta hayo yote, wakababaika. Mimi nilikuwa najibu kimoyomoyo: sigara, presha, sukari, mafuta mengi kwenye damu, unene, kukaa bila kutembea, mawazo ya muda mrefu, na kurithi, yaani kama mzazi alipatwa mapema.

Kwenye kurithi nikamkumbuka Babu, aliyeanguka kazini akiwa na miaka hamsini na mbili, na nyinyi mkasema ni uchovu. Kwenye sigara nikakukumbuka wewe. Unavuta ngapi siku hizi? Niambie ukweli, Baba.

Mwanao,
Kitindamimba

15 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Sisi hatujambo. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea kinyozi hapo chini ile sehemu ya moyo tu, akaacha kichwa cha mteja nusu apate kusikiliza. Una kichwa, mwanangu, na kwangu hukukitoa. Mimi nilikaa darasani miaka saba na sikumbuki hata mwalimu mmoja aliyenifanya nisugue kigae.

Sigara ni nane. Haya, kumi. Shangazi yako amesimama nyuma yangu anasoma ninachoandika, kwa hiyo ni kumi na tano.

Kazi ipo, na ni kubwa. Nimepewa viti thelathini vya ukumbi wa maigizo, vya springi za kweli, si hizi sponji za kubandika na gundi. Nina furaha kama mtoto. Springi zenyewe ni zile ngumu, lazima nizilalie kwa kifua zishuke ndipo mikono ipate nafasi ya kufunga kamba, mafundo manane kwa kila moja. Ndiyo maana siku hizi kifua kinanibana, hasa nikipanda ngazi za karakana na mzigo. Ngazi ya tisa nasimama, nahema kidogo, kinaachia, naendelea. Mkono wa kushoto nao unauma, maana ndio unaovuta mkanda wa chini ya kiti. Na taya, kwa sababu ya kubana misumari mdomoni tangu nina miaka kumi na minne. Ni ugonjwa wa ufundi. Baba yangu alikuwa nao huo huo, hata ulipoanza kunishika nilijiona nimekuwa fundi kamili.

Usiwe na wasiwasi. Endelea kusikiliza na uniandikie.

Baba yako

26 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha ndoo. Nilipofika kwenye ngazi ya tisa, nilirudi nyuma nikasoma upya. Baba, sijaona mtu anayefunga springi kama wewe. Nilipokuwa mdogo nilikuwa najificha chini ya meza ya kukatia vitambaa nikuangalie unavyosukuma msumari kwa ulimi, unaupokea kwa nyundo ya sumaku, unaugonga, wala hutazami. Nilidhani baba wa kila mtu anaweza hivyo. Kwa hiyo nivumilie nikikuambia kwamba ufundi wako wote naujua, lakini hili umelikosea.

Sisi wapiga deki haturuhusiwi kusema na madaktari wakiwa kwenye kazi yao ya asubuhi. Mimi nilisema. Niliiacha ndoo katikati ya njia, nikampa Rula barua yako. Msimamizi wangu alinitolea macho, sikumjali. Rula alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, kisha akawasomea wanafunzi ile sehemu ya kifua na ngazi. Akawaambia, "Huyu ni fundi wa makochi, hajasoma udaktari hata siku moja, na ameeleza kuliko kitabu chenu." Nilitaka kucheka kwa kukuonea fahari. Halafu akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Yuko mbali?" Hamu ya kucheka ikaisha.

Anasema kubanwa kunakokuja ukipanda na kunakoondoka ukipumzika ni moyo unaoomba damu na haupati ya kutosha. Maumivu hayakai kifuani tu. Yanaweza kwenda mkononi, shingoni, kwenye taya, mgongoni, hata juu ya tumbo mtu akadhani ni gesi. Wengine, hasa wanawake na wenye sukari, kifua hakiwaumi kabisa, wanachoka tu bila sababu, wanakosa pumzi, wanasikia kichefuchefu. Na anasema msuli uliochoka kwa kazi ukiubonyeza unauma. Bonyeza kifua chako uone.

Nilimpigia simu kinyozi, maana wewe simu huna. Akaniambia, "Mzee? Mbona namsikia anapiga nyundo!" Kwake yeye, nyundo ikisikika basi mtu ni mzima. Baba, nenda hospitali wiki hii. Nakuomba kwa magoti.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Sisi hatujambo, na Shangazi hajambo. Pole kwa hofu niliyokutia.

Nimefanya ulivyosema. Jioni niliweka nyundo chini, nikabonyeza kifua chote kwa kidole gumba, juu, chini, kushoto, kulia, jinsi ninavyokagua kiti kabla hakijatoka mlangoni. Hapaumi hata kidogo! Hakuna springi iliyolegea. Kwa hiyo mimi mzima, na huyo daktari wako mpe salamu zangu, mwambie nimefurahi kusomwa mbele ya wasomi.

Viti vimefika kumi na tisa. Nikimaliza thelathini nitakwenda hospitali, ili uridhike.

Baba yako anayekupenda

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kosa ni langu, sikuimalizia ile sentensi. Ukibonyeza PAKIUMA, huenda ni msuli. Ukibonyeza na HAPAUMI, lakini ukipanda ngazi panabana, hapo ndipo pa kuogopa. Umekagua kiti kwa juu, Baba, na ubovu uko ndani.

Nimelia siku mbili. Nimempigia kinyozi mara tatu, simu inaita tu.

Kama hutaki kwenda, basi yashike haya. Kifua kikibana na kisiachie ukipumzika, na jasho baridi likakutoka, au pumzi ikakatika, au ukasikia kutaka kutapika, hiyo si kazi na si gesi. Acha kila kitu. Kaa. Usipande wala usishuke ngazi kwa miguu yako, maana kila hatua moyo unadai damu zaidi. Usilale ukisema utaamka nafuu. Hapa wodini nimewaona waliolala wakingoja nafuu, Baba, na mashuka yao nimeyakusanya mimi. Piga kelele, uletewe gari, upelekwe hospitali kubwa moja kwa moja. Rula anasema kila dakika inayopita ni nyama ya moyo inayokufa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kazi ya haraka inajulikana kwa mshono. Kwa hili tu, nakuomba uharakishe.

Mwanao

2 Mei

Baba,

Sijapata barua. Jana kinyozi alipokea, akasema karakana imefungwa, umechukuliwa kwa gari na Shangazi amekufuata, kisha simu ikakatika. Haijapatikana tena mpaka sasa. Nimeomba ruhusa ya kuja, wameniambia mwisho wa mwezi.

Sijui kama naandika kwa mtu anayesoma. Shikamoo, Baba. Shikamoo.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kitandani hospitali, kwa hiyo herufi zimelewa. Najua ulipoona bahasha ulitazama kwanza mwandiko ni wa nani. Ni wangu mimi mwenyewe.

Barua yako ya tarehe kumi na tano niliipata asubuhi, nikaisoma, nikaitia mfuko wa aproni. Nilikasirika kidogo, sikufichi. Mchana nilikuwa nimelalia springi za mwisho za kiti cha mwisho. Nikainuka, lakini uzito haukuinuka. Ilikuwa kama nimewekewa kochi la watu watatu kifuani na wote watatu wamekaa. Taya likaniuma mpaka kwenye meno, jasho likanitoka la baridi, nikaitema misumari yote chini. Nikangoja kama kawaida yangu ya ngazi ya tisa. Kifua hakikuachia.

Mwanangu, mimi katika miaka arobaini na saba ya kazi sijawahi kukalia kiti cha mteja. Siku hiyo nilikikalia. Shangazi yako akaja na maji ya moto, akataka nilale kidogo kwanza. Nikampa barua yako asome, sauti yangu ilikuwa haitoki. Aliisoma huku anapiga kelele dirishani. Kinyozi akapanda na wateja wake wawili, mmoja bado ana sabuni kidevuni. Wakasema, "Mzee, simama tukushike." Shangazi akafoka, "Hasimami! Imeandikwa hapa!" Basi wakaninyanyua na kiti hicho hicho, wakanishusha ngazi zote kama bwana harusi, moja kwa moja hadi kwenye gari. Watu barabarani walinipungia mkono.

Daktari wa hapa ni kijana, ana subira. Walinipa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Anasema nilifika mapema, na kipande cha moyo kimeumia, lakini kilichobaki kinatosha mtu kuishi nacho miaka mingi akijitunza. Sigara nimeacha, kwa kuwa Shangazi amezitupa. Kufunga springi ndiyo basi. Siku aliyoniambia hivyo niliugeukia ukuta, nikalia. Nitakata vitambaa na kufundisha wengine.

Aliniuliza nilijuaje kukaa, kutotembea, kutolala. Akasema wengi wanaletwa kesho yake. "Nani alikufundisha? Una mtoto daktari?"

Hapa nikuambie jambo nililokuficha. Miaka minne hii watu wakiniuliza unafanya kazi gani, nasema yuko hospitali, halafu nawaacha wafikirie ni nesi. Kinyozi anajua wewe ni nesi. Mkuu wa ukumbi anajua wewe ni nesi. Nilikuwa naona haya, mwanangu, wakati wewe unasugua sakafu na kunikusanyia elimu neno kwa neno. Nisamehe.

Nilijiinua kwenye mto. Nikasema, "Hapana, daktari. Binti yangu anapiga deki wodi ya moyo." Hakunisikia vizuri, akainama. Nikasema tena kwa nguvu zote nilizonazo, mpaka wagonjwa wa upande wa pili wakageuka. Kinyozi alikuwa amekuja kunitazama, amesimama miguuni pa kitanda. Naye akasikia.

Mimi, baba wa mpiga deki