Wanataka Kumpaka Rangi Mama wa Kwenye Picha

Shangazi Khole, shikamoo. Nakutumia faksi hii kutoka Maskati, dukani kwa Mhindi hapa Ghubra, nikijua kipindi chako hutufikia redioni kila Jumatano, na ukiona maneno yanakimbizana nisamehe.

Nina mtoto wa miezi mitano, Elikana, halali mchana halali usiku, na nafanya kazi za ndani kwa Bi Nasriya, Mwomani aliyezaliwa Unguja. Mpangaji wake Mtaliano aliporudi kwao alimwachia zawadi, picha ya zamani ya rangi ya mafuta, nyuma giza tupu halafu mwanga unamwangukia Bikira Maria akimnyonyesha Mtoto Yesu, na Shangazi, huyu si yule wa kwenye kalenda, huyu macho yamemvimba, mtoto kamng'ang'ania kidole, titi moja liko nje, na unaona kabisa kwamba hajalala. Nikasimama na ufagio wangu nikalia. Bi Nasriya akaniambia, "Mchukue, mwanangu. Bibi Maryamu nnamheshimu, lakini mie siwezi kusali huku ananitazama. Tena kachoka kama wewe."

Kwa furaha ile, Ijumaa, maana huku misa kubwa ni Ijumaa, nikawaahidi akina mama wenzangu wa Kitanzania kwamba picha nawapa, tuitundike kwenye chumba tunachokutania kanisani, wakapiga vigelegele, wakaja nyumbani kuiona, vigelegele vikaisha. Mwenyekiti wetu Mama Mboni akasema, "Conjesta, Bikira hawezi kukaa kifua wazi mbele ya wanaume." Wakakubaliana apakwe kitambaa cha bluu juu ya titi, na mpakaji ni nani, ni mume wangu Desderius, fundi rangi wa majumba, naye mbele ya watu akasema hiyo ni kazi ya dakika kumi. Kopo liko jikoni, rangi ya bluu ya mageti, na nikimwambia asiguse ananijibu kwamba mimi ndiye niliyeahidi. Kweli niliahidi, na sipendi kugeuza maneno, tena Mama Mboni ndiye aliyenipokea nilipofika hapa simjui mtu, na ndiye aliyenielekeza kwamba siku ya kikundi nikitaka kunyonyesha niende chooni, nami naenda. Ijumaa hii asubuhi wanapaka. Nivunje ahadi au ninyamaze? Jina langu unaweza kulisoma.

Conjesta, Ghubra

Conjesta, kopo lifiche kwanza, halafu urudi usikilize. Na kama Desderius yuko karibu na redio, asikilize naye. Baba, rangi ya geti ikikaukia kwenye picha kama hiyo haitoki, na ukiikwangua utaondoka na ngozi ya Bikira. Wewe ni fundi wa kuta. Sema hivyo mbele ya wale wale, hakuna atakayekucheka.

Sasa wewe binti. Kosa lako ni kuahidi kabla hujawaonyesha, furaha ilikupanda kichwani. Lakini uliahidi picha, hukuahidi picha iliyopakwa. Wapelekee kama ulivyopewa. Wakiikataa, wamekataa wao, ahadi yako umeitimiza.

Na kuna jambo limeniudhi. Umejaza ukurasa mzima ukimtetea mama wa pichani, habari ya choo ukaipitisha kwa maneno mawili kana kwamba si kitu. Unamlisha mtoto chooni? Wewe ungekula humo? Mimi ni Muislamu, situndiki picha za watu, ila nimenyonyesha sita, na nakuambia ulilia na ufagio mkononi kwa sababu mwenzio kakaa kwenye mwanga na wewe umefungiwa mlango.

Ijumaa fika mapema. Itundike, vuta kiti, keti chini yake, na Elikana akilia mnyonyeshe hapo hapo, khanga begani kama kawaida yako. Mama Mboni akiingia mwamkie, mshukuru kwa kukupokea, umshukuru kwa dhati, kisha mwambie, "Mama, chooni sirudi." Usiongeze neno. Akitaka picha ishuke, ishushe mwenyewe, rudi nayo Ghubra, uitundike pale unapokaa kunyonyesha.

Ile bluu isipotee bure. Bi Nasriya hakosi geti.