Hela ya Tabora Chini ya Mguu wa Cherehani

Majengo, Moshi

Mdogo wangu Mwajuma,

Baba hakuwa mwongo. Babu alitengeneza hela kweli, hapo hapo Tabora, na ushahidi nimeushika kwa mkono wangu mbele ya watu wazima wenye miwani. Kaa chini kwanza.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na lile jino umeling'oa au bado unalibembeleza? Baba mpe shikamoo yangu, ila barua hii usimsomee mpaka uimalize wewe mwenyewe, utaona kwa nini. Sisi huku wazima. Mvua imegeuza ua wetu kuwa tope tupu na mlima hatujauona wiki nzima. Baba Zaituni bado anashona hapo barazani, ingawa mitumba imewafanya mafundi wenzake wengi wafunge kazi. Yeye wateja hawamwachi. Suruali zake zinajulikana mpaka Himo, na sisemi hivyo kwa sababu ni mume wangu.

Nilikuandikia zamani kwamba Zaituni wangu anakusanya sarafu za kale, ukanijibu kuwa hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Basi nikwambie, wenzake ni watu wa heshima. Jumapili moja kila mwezi wanakutana Pasua, nyumbani kwa Mwalimu Temu, mwalimu mstaafu, na kila mara mmoja wao anaonyesha vitu vyake na kueleza jinsi vilivyomfikia. Yupo Mzee Kessy, mkulima wa kahawa kutoka Kilema, ana rupia ya fedha yenye sura ya mfalme wa Wajerumani, kofia yake ina ndege juu. Anaitunza ndani ya soksi. Yupo Mama Njau wa Himo anayeuza mitumba, na hazina yake yote imetoka mifukoni mwa makoti ya Wazungu: sarafu za nchi nisizoweza kuzitamka, tiketi za treni, hata ufunguo wa nyumba ya mtu. Na katikati yao binti yangu, ndiye anayewaandikia daftari lao, kwa mwandiko ambao Mwalimu Temu mwenyewe anausifu. Mwandiko huo kautoa kwangu, unauona hapa.

Mwezi uliopita zamu ya kuonyesha ilikuwa ya Zaituni. Ningekaaje bure? Siku moja kabla, yeye yuko sokoni, nikachukua kopo lake la sarafu nikamwaga zote kwenye ungo. Ndururu, zile senti tano zenye tundu, senti kumi za mkoloni, zote nyeusi kama masizi. Nikasema mtoto wangu mimi Mwanaidi hapeleki uchafu mbele za watu. Nikaleta majivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria, nikasugua mpaka kiganja kikafa ganzi. Nilipomaliza nikaona bado nina nguvu, nikakumbuka kile kipande cheusi kilichokaa miaka yote chini ya mguu wa cherehani ili isiyumbe. Ni kile Bibi alichonifungia kwenye pindo la kanga siku naondoka kuja kuolewa huku, akaniambia nisikitupe. Sikukitupa, nilikipa kazi. Nikakisugua nacho, nikakitia koponi na wenzake.

Zaituni aliporudi alifungua kopo, akakaa sakafuni.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuogeshea wanao."

"Mama, sarafu ya kale haioshwi. Ule weusi ndio umri wake."

"Hata mimi nina umri, na naoga."

Hakucheka. Alilia kimyakimya, akizipanga moja moja kwenye upande wa kanga, na mimi ndipo nikajua nimeharibu. Nikamwambia kesho tutakwenda wote, nitasema kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu.

Tukaenda. Kopo lilipofunguliwa Mzee Kessy alikinga macho kwa mkono. "Mama Zaituni, hizi zimetoka kiwandani leo asubuhi? Mbona bado za moto?" Mama Njau akataka atajiwe sabuni, akafulie makoti. Wakacheka, nami nikacheka nao, nifanyeje. Mwalimu Temu peke yake hakucheka. Alikuwa amechukua kile kipande cha chini ya cherehani akasimama nacho dirishani, anakigeuzageuza chini ya kioo chake cha kukuzia.

"Mama Zaituni, wewe kwenu wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi wa kuzaliwa."

"Na hii umeipata wapi?"

"Ilikuwa ya babu yangu."

Akaniita nisogee. Juu kuna taji, chini yake mwaka, ule wa vita ya Wajerumani na Waingereza, na chini kabisa herufi moja, T. Akasema hiyo T ni Tabora, na sarafu yenyewe ndiyo iliyoitwa hela, jina lililobaki midomoni mwetu mpaka leo. Meli za Wajerumani zilizuiwa baharini, hela zikaadimika nchini, wakaamua kuzitengeneza wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa maganda ya mizinga na shaba yoyote waliyoipata.

Nikamwambia, "Mwalimu, sema tena." Akasema tena.

Mwajuma, unawakumbuka wale wasichana wa kisimani? "Babu yao alipika hela, mbona wanakula mihogo?" Na siku ya posa yangu, wageni wamekaa, Baba akaanza: baba yangu alikuwa karakana ya reli, akitengeneza hela kwa mashine. Nami, mwari mzima, nikatoka chumbani nikamwambia mbele yao, "Baba, acha uongo huo, tunachekwa." Tangu siku ile hakuisema tena habari hiyo, hata kwa wajukuu. Zaituni anajua habari za kila senti ya Mama Njau, lakini hiyo ya kwao hakuwahi kuisikia. Niliyemnyima ni mimi.

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba ya Mwalimu mpaka macho yakakauka. Niliporudi nikawaeleza yote. Mzee Kessy akasema, "Kwa mnunuzi umeiharibu kabisa. Lakini usingeisugua, nani angeisoma?" Hapo nikapata nguvu. Nikamwambia kuanzia leo kila akisema hela ajue anataja kazi ya babu yangu.

"Hela zilikuwepo kabla ya babu yako, Mama Zaituni."

"Zilikuwepo, zikitoka Ulaya. Ya nyumbani ni hii."

Akainama akaniamkia shikamoo, mzee mzima yule. Nikaitikia marahaba bila haya.

Mwalimu Temu akauliza kama Baba yu hai. Nikasema yu hai na ana akili zake zote. "Na mmekaa tu?" akasema. "Sarafu tunayo. Mtu aliyesikia kutoka kwa mwenye mkono ulioitengeneza, huyo hatuna." Wanataka Baba aje aketi, aeleze alivyosimuliwa na Babu tangu mwanzo, Zaituni aandike. Mimi naogopa atakataa. Akikataa ni kwa sababu yangu, na yakipotea maneno yale yatakuwa yamepotea kwa mdomo wangu.

Nikapanda kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa mama mkwe, nikamweleza. Alikwenda mpakani mwa shamba akakata jani la isale, akanipa. Huku kwa Wachagga ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe, hata kosa liwe kubwa namna gani. Ndilo hilo limekunjwa humu kwenye bahasha. Litafika limenyauka, si kitu. Mpe Baba mkononi kabla hujamsomea hata neno moja, umwambie limetoka kwa Mwanaidi, kwa ajili ya siku ile ya posa. Na umweleze maana yake taratibu, asije akadhani nimemtumia chakula cha mbuzi. Akilipokea, mwanzie habari ya safari. Pandeni basi la kupitia Singida, mlale hapo, msimchoshe. Kanzu yake imeshashonwa, kipimo tumekisia, na Zaituni atakuwa stendi kuwapokea.

Msalimie shangazi yetu aliyetulea, mwambie mtori wa huku, ile supu ya ndizi na nyama, sasa naupika kuwashinda wenyewe. Msalimie kaka mwenye duka, afunge siku chache, duka halikimbii. Salimia na wale wasichana wa kisimani, mabibi wazima sasa kama mimi. Mwenye nauli na aje, mikeka ipo.

Mimi dada yako akupendaye, Mwanaidi, mama yake Zaituni. Kiti cha Baba kimewekwa kwa Mwalimu Temu, nanyi nyote tunawangoja Jumapili ya kwanza baada ya Idi Kubwa, saa nane mchana.