Mwamuzi wa Chumba Kumi na Saba

Ijumaa, 1 Desemba 2006
Leo nimepandishwa cheo — si na kampuni, hao hata kofia mpya wananinyima. Baada ya ibada — huku Uarabuni tunasali Ijumaa — Eriya, Mganda wetu wa kitanda cha juu, alinisimamisha mlangoni. Mhubiri alikuwa ametaja neno la Kiingereza cha zamani, daysman: mtu wa kukaa katikati ya wagombanao, mkono huku, mkono kule. Eriya akasema huyo si mwingine ila mimi, Mzee Naftali. Chumba kizima sasa kinaniita hivyo. Nimejifanya sijali. Nimejitazama kwenye kioo mara mbili. Tumbo limetangulia, heshima inafuata.

Jumapili, 3 Desemba
Kazi imenifuata mbio. Walinzi wa jengo letu la Marina tumepewa nafasi moja tu ya likizo ya Krismasi. Supavaiza kasema tukubaliane wenyewe, yalla, upesi. Zakayo, mwenzetu wa chumba, anaitaka: harusi yake na Judy imeahirishwa mara mbili, na wakwe huko Kisii wameanza kukohoa. Eriya naye anaitaka: binti yake ana mwaka na nusu, hajamwona ila kwa picha. Tangu asubuhi hawasalimiani. Wamenijia kwa zamu, kila mmoja na kikombe cha chai.

Nimekunywa vyote viwili. Mwamuzi hapendelei.

Jumatano, 6 Desemba
Nimewakalisha! Sheria yangu moja: hakuna kujisemea. Unamtetea mwenzako mpaka akiri umeyasema yake yote. Zakayo alianza kwa kejeli, eti ndugu yetu amekumbuka matoke ya kwao. Eriya akakataa — bado. Zakayo akarudia. Alipofika kwa mtoto anayemwita baba kila mwanamume aliye kwenye picha, akaacha kejeli. Eriya naye akawasemea wakwe wanaouliza kama bwana harusi yu hai. Mwishowe ugomvi ukageuka: nenda wewe — hapana, nenda wewe.

Nimeamua Eriya aende, Zakayo aoe Aprili. Wameshikana mikono. Khalas, yameisha. Nimekwenda bafuni kwa mwendo wa jaji mkuu, ndala moja nyekundu, nyingine ya kijani.

Alhamisi, 7 Desemba
Nilimpigia mke wangu nijisifu kidogo. Loise alisikiliza yote, kisha: "Na wewe, Baba Ivy, nani alikutetea?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Miaka mitatu sasa sijaenda nyumbani. Ameacha hata kuuliza narudi lini. Kadi ya simu ikaisha.

Jumamosi, 9 Desemba
Supavaiza amenipa fomu. Ofisi imekataa mapatano yetu: likizo ni ya aliyekaa muda mrefu zaidi bila kwenda nyumbani. Yaani mimi. Nikikataa kwa sahihi yangu, nafasi ni ya nitakayemtaja, na mimi ningoje Desemba nyingine. Fomu irudi leo, kabla ya saa kumi.

Sasa ni saa tisa na nusu. Hakuna aliyeniomba kitu. Zakayo ameniazima kalamu. Eriya amevisukuma chini ya kitanda viatu vya mtoto alivyonunua jana, nisivione. Nimeviona. Vinatosha kiganjani.

"Mzee," Eriya ameniuliza, "nani atatuamua sasa?"

Nimemwambia angoje, nimalize mstari huu, ndipo nishike fomu.