Komando Hakuchanjwa

Shume, Jumapili jioni

Kaka Heri,

Shikamoo. Huku baridi ni kali, na viazi vya shamba la juu vimeanza kutoa maua. Ngedere wamerudi kwa fujo, maana mbwa wako Komando hayupo tena. Majirani walimuua.

Bwana mifugo alipopita na chanjo ya kichaa cha mbwa, paka wangu nilimbeba kwenye kikapu akachomwa. Leo amelala hapa miguuni pangu, mzima. Lakini kuhusu Komando, wewe ulipiga simu tumfiche stoo. Ulisema mbwa wa shamba akichanjwa anapoa, hafukuzi hata panya. Mama akakusikiliza wewe.

Mwezi uliopita Komando alianza kudondosha mate na kutafuna fito za uzio. Mama alipompelekea ugali, akamng'ata mkono. Nilimsihi twende Lushoto akachomwe sindano, akakataa. "Huyu nimemlea mwenyewe, si mbwa wa barabarani." Akafunga kitambaa, akaenda kupalilia.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa barua hii dereva wa lori la mbao.

Tangu juzi Mama analalamika kiu. Leo nimempelekea maji. Alipokiona tu kikombe, koo likambana, akakisukuma. Daktari wa zahanati alikuja nyumbani kumwona, akaniita nje, akaniambia niwaite ndugu.

Usihangaike kununua dawa, Kaka. Njoo tu, angali anatutambua. Anakuulizia wewe. Anasema ulifanya vizuri kumkataza Komando sindano, alikuwa mkali kweli.

Mdogo wako,
Yusta