Aliyesukuma Komeo la Stoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 23
Kazi: karani, kituo cha mafunzo ya vijana na watu wazima wenye ulemavu
Makazi: anaishi kwa shangazi yake

Afande, kabla ya lolote, nakuomba kila neno langu libaki humu ndani. Mkurugenzi wetu akijua nimefika hapa, nimekwisha.

Mwalimu wa mapishi mliyemweka mahabusu hakumfungia yule binti stoo. Aliyemfungia nilimwona.

Kituoni tuna sheria: hatumsaidii mwanafunzi kabla hajaomba. Mtu akihangaika na kifungo cha shati, tunangoja. Ni sheria nzuri. Wapo waliokuja wakilishwa na leo wanapika na kwenda sokoni wenyewe.

Binti huyo ana miaka kumi na saba. Tunamwita Malkia kwa kuwa hapendi kuharakishwa. Anatumia kiti cha magurudumu na haongei. Anagusa picha kwenye ubao anaouvaa shingoni.

Mnamo Jumanne iliyopita, majira ya saa nne asubuhi, tulikuwa tunangoja wageni. Malkia ndiye angewamiminia chai, kazi aliyoifanyia mazoezi mwezi mzima. Mwalimu alimtania asije akaziogesha suruali za wakubwa. Malkia akagusa picha ya mwalimu, kisha ya mdomo uliofumbwa.

“Haya bosi, nimenyamaza,” mwalimu akasema, akacheka.

Mkurugenzi akamtuma mwalimu dukani kununua sukari. Alipotoka tu, mkurugenzi akamtazama Malkia, akatazama mate yaliyokuwa yakimtoka, akasema wageni wasianze kwa kuona hilo. Akamvua ubao, akakisukuma kiti hadi stoo, akafunga komeo kwa nje. Meza yangu inatazamana na mlango huo.

Wageni wakiwa wanakunywa chai, mlango ukaanza kugongwa. Mama mmoja akauliza kuna nini. Mkurugenzi akatabasamu.

“Mwanafunzi anajifunza kufungua mlango. Hapa hatusaidii kabla hatujaombwa.”

Wageni wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

“Kaa, dada,” akaniambia taratibu.

Nikakaa. Mlango uliendelea kugongwa, kikasikika kishindo, kisha kimya. Mwalimu aliporudi alimuulizia Malkia, akafungua stoo, akamkuta sakafuni chini ya rafu iliyomwangukia, mkono umevunjika. Mkurugenzi akamgeukia mbele ya wageni wote: “Mwalimu, umemfungia mtoto wa watu na kwenda zako?”

Jioni alinikumbusha kwamba mdomo huponza kichwa.

Malkia yuko hospitali na anafahamu kila kitu. Ubao wake uko kabatini kwa mkurugenzi. Mpelekeeni, mumuulize mwenyewe, wala msimmalizie sentensi.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Mkinihitaji, msipige simu ya ofisi. Mkurugenzi huipokea mwenyewe. Nendeni kwa shangazi, fundi cherehani nyuma ya stendi, bila sare. Semeni mmefuata sketi ya karani. Akiwajibu kwamba bado anaishona, niko chumba cha ndani. Akisema sijarudi kutoka kazini, msiache ujumbe. Njooni kituoni kwetu siku hiyohiyo, mfungue kila mlango.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali kuwa sahihi. Ameomba kutokea mlango wa nyuma. Nimemsindikiza.