Kiraka cha Nane kwenye Tyubu Yako

Shangazi,

Tairi la nyuma nimelibadilisha. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kabla hata ya habari za nyumbani. Nimelibadilisha mwenyewe, hapa hapa uani kwako Kibagabaga, na sasa kucha zangu zinafanana na zako.

Tangu tukuzike, pikipiki yako ilikuwa imeegemea ukuta, imefunikwa shuka. Wiki ya tatu Baba Mdogo akaja, akaizunguka, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Hii moto iko inaozea hapa," akasema, maana yeye pikipiki huiita moto. "Dada alikuwa anaitengeneza mwenyewe. Sasa nani ataiweza? Tuiuze." Nikasema nitaiweza mimi. Akacheka, si kwa ubaya, unamjua mdogo wako. Tukakubaliana: Jumamosi ya umuganda, tukishamaliza kazi ya mtaa, nibadilishe lile tairi mbele yake bila kumwita fundi. Nikishindwa, inauzwa.

Shangazi, kuendesha ulinifundisha, lakini kwenye kutengeneza mimi nilikuwa nakuangalia tu miaka yote ile. Nilikushikia beseni la maji ya sabuni, basi. Nilipenda kukuangalia. Karani wa ofisi huko Kiyovu, sketi iliyopigwa pasi umeivaa juu ya suruali ya pikipiki, viatu vya ofisini kwenye mfuko, na walinzi wa getini wanakupigia saluti wakidhani ni mkubwa fulani. Jumamosi mwanamke yule yule anapanda juu ya tairi kwa kandambili, anakanyaga huku na huku mpaka liachie rimu, kama anacheza harusini. Yule fundi wa Remera aliyekuambia ukae kwenye benchi usubiri, ulimnyang'anya spana mkononi. Sijawahi kukuambia kwamba siku ile niliringa shuleni wiki nzima.

Basi nilitandika kitenge chako kilichochakaa. Nikapanga kila kitu kwa mstari kilivyokuwa kinatoka: nati, ekseli, vile vipande vidogo vya pembeni ambavyo hata sijui vinaitwaje. "Kitenge kitakukumbusha, wewe usijichoshe," ulizoea kusema. Kweli kilinikumbusha.

Nilipovuta tyubu nje nikakaa chini kabisa. Nilijua unaziba mwenyewe, sikujua unaandika. Kando ya kila kiraka, kwa rangi nyeupe, mahali pancha ilipokupata: Remera, stendi. Kiyovu, mteremko. Hospitali, kona. Mtu mwingine angeitupa tyubu ile zamani, wewe umeifanya daftari. Nilisoma mpaka Baba Mdogo akakohoa.

Tairi jipya, lile uliloliacha stoo, liliingia upande wa kwanza vizuri. Nikapaka poda ndani, nikaijaza tyubu upepo kidogo ili isijikunje, nikaanza kuingiza ubavu wa pili mbali na vali kama ulivyokuwa ukifanya. Zilipobaki inchi chache likagoma. Nilikusikia kabisa: "Usipigane nalo, likanyage upande wa pili lilegee." Lakini Baba Mdogo alikuwa ananitazama, na mimi nilitaka kumaliza haraka. Nikachukua chuma cha kubanulia tairi, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Likaingia, paa! Nikapiga pampu, tairi likajaa, nikatabasamu. Halafu likaanza kushuka polepole.

Nilikuwa nimeibana tyubu kwa chuma. Kosa lile ulilokuwa ukiwacheka mafundi kwa ajili yake. "Chuma changu hakijawahi kugusa tyubu," ulijigamba hivyo kwa kila mtu, hata kwa padri. Nililia, Shangazi. Nililia mikono imejaa grisi, nikajipaka uso mzima. Baba Mdogo akaenda kujaza maji kwenye beseni.

Nikaizamisha tyubu, nikaigeuza taratibu nikitafuta mapovu. Yakatokea upande wa ndani, ule unaokaa kwenye rimu, ambao sikuwa nimeutazama. Matundu mawili yamekaa pamoja. Na karibu nayo, upana wa kiganja tu, kiraka chako cha saba, na maandishi madogo kuliko yote: Kibagabaga, uani. Mimi mwenyewe.

Muongo mkubwa wewe!

Nilicheka mpaka Baba Mdogo akaja kuona. Akasoma, akasoma tena, akaketi kwenye ndoo akafuta macho kwa mkono wa shati. Sijawahi kukupenda kama dakika ile. Ulikosea, ukaziba, ukaandika, ukanyamaza, kesho yake ukaenda Kiyovu na sketi yako.

Nikaziba. Safari hii nilikanyaga upande wa pili, na tairi likaingia kwa mikono karibu lote. Tukaliacha saa nzima, halikushuka. Nikarudisha kila kitu kutoka kwenye kitenge, nikianza na kilichotoka mwisho. Baba Mdogo hakutaja tena kuuza. Alichukua ile helmeti ya abiria, akaivaa, akapanda nyuma. "Tugende," akasema. Twende. Tukashuka mpaka Remera tukarudi, na njia nzima alikuwa amenishika kiuno kama mtoto.

Pumzika sasa, Shangazi. Nati nimezikaza, nimezikagua mara mbili. Na nakuahidi kitu kimoja: kila tundu nitaliandika, hata lile la uzembe wangu. La kwanza nimeshaliandika, jirani na lako, kwa rangi ile ile: Kibagabaga, uani. Na mimi.