Beseni Langu Liko Lubunga

Jumamosi, 1 Juni 2024

Nimefika. Mgongo umekufa kwa pikipiki, lakini cherehani yangu iko salama. Ziwa lilifurika, likanilia nyumba kule Baraka — jiko kwanza, kisha chumba alichofia Zakaria wangu. Shemeji Saleh alinipa kona kwake, na kila asubuhi nikawa natembea kwa vidole nisimwamshe mtu. Basi! Sasa niko huku kwetu, juu ya Kilembwe, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba.

Ndani nimekuta mbuzi. Ni wa Anatole, mtoto wa baba mdogo Casimir. Kaniamkia vizuri, kama dada yake mkubwa, kisha kauliza: "Yaya, unarudia Baraka siku gani?" Nikamwambia atoe mbuzi wake. Akacheka. Nikawatoa mwenyewe, mmoja mmoja, kwa pembe. Nimefagia mavi mpaka kiuno kinalia. Leo nalala walipolala mbuzi. Sawa tu, mradi nalala kwa baba yangu.

Jumatatu, 3 Juni

Jirani Immaculée kaja na kaa la moto na habari. Moto mzuri, habari mbaya. Anatole anaitaka nyumba, na neno hilo litakatwa lubunga — kile kibanda cha wanaume wa ukoo, wanapokula pamoja kila jioni na kuamua mambo yote. Wanawake hatuitwi. Sisi kazi yetu kupeleka chakula.

"Nyumba yenye haitume bugali kule, mama Constance, banaihesabu kama haiko."

Na nyumba ambayo haiko, nani ataitetea? Basi nitapika. Wakitaka kunifukuza, watanifukuza wameshiba.

Jumanne, 4 Juni

Aibu! Nilipika kama nilivyokuwa nampikia Zakaria: sahani nzuri ya maua, ugali mdogo wa mviringo, samaki mgebuka mmoja mkavu niliyekuja naye toka Baraka, kitambaa juu. Nikaiweka mlangoni pa lubunga, nikarudi kwa maringo. Kumbe huku chakula cha lubunga ni cha mikono yote. Sahani ya mtu mmoja mwanamke humpelekea bwana wake! Wanaume wakaanza kutazamana: huyu mjane kampikia nani? Shaka ikamwangukia Alphonse, mmoja wao, kwa sababu ndiye aliyekaa karibu na mlango. Mkewe kanijia na mwiko mkononi. Immaculée kaniokoa, huku anacheka mpaka machozi.

Nami nimecheka, baadaye, nilipokwisha kufunga mlango.

Jumatano, 5 Juni

Nimetoa beseni la harusi yangu. Ugali wa kutosha msiba mzima, mgebuka kwa mawese, sombe, majani ya muhogo, pembeni. Limerudi jioni vilevile. Hakuna kidole kilichogusa. Nimekula kwa hasira, kilichobaki nikawapa watoto wa Immaculée.

Jumapili, 9 Juni

Napeleka, linarudi. Napeleka, linarudi. Mtoni wanawake wananishauri: olewa, au rudi mjini. Mke wa Alphonse, ambaye sasa namshonea gauni na tunaelewana, kaniambia siri. Anatole ndiye anayewakataza. Anawaambia kwamba atakayekula cha huyu mwanamke amekubali kuwa ana nyumba hapa.

Ahaa. Kumbe wanauogopa ugali wangu.

Alhamisi nililia, sitaficha. Unga unapungua, na usiku nanyoosha mkono kumtafuta Zakaria. Yeye angecheka, angesema: Constance, umepata vita yako. Lakini kutembea kwa vidole sirudii. Kesho naongeza pilipili.

Jumatano, 12 Juni

Kikao cha nyumba yangu ni Jumamosi. Baba mdogo Casimir kapita jikoni kwangu, fimbo mkononi. Yeye ndiye mkubwa wa lubunga, na ni baba yake Anatole, sikutegemea huruma. "Mutoto yangu, unachokesha mikono bure." Nikamjibu, "Baba mudogo, mikono iko yangu."

Hakuondoka. Akauliza kama huyu mgebuka ni wa Baraka kweli, maana wa hapa sokoni ana ladha ya moshi tu. Nikasema ni wa Baraka. Akatazama sufuria, kisha akaenda zake polepole. Alimeza mate, niliona.

Jumamosi, 15 Juni

Wamekaa tangu mchana. Sauti zinapanda, zinashuka, sisikii maneno. Jua lilipoanza kulegea nikapeleka. Anatole kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanamuke haingiake huku."

Nikamwambia mimi siingii, bugali ndiyo inaingia. Nikatua beseni miguuni pake, nikageuka. Sikutazama nyuma, ingawa nilitaka sana.

Beseni la Immaculée limerudi tupu. La mke wa Alphonse limerudi tupu. Langu halijarudi. Immaculée ananisukuma nikachungulie. Siendi. Nimekaa kizingitini naandika. Hofu ninayo, ndiyo. Wakisema hapana leo, sina pengine pa kwenda isipokuwa ile kona ya Saleh.

— Anatole huyo anakuja. Peke yake. Ana bakuli mkononi, tupu.

Hanitazami. Anazungumza na miguu yake. "Yaya… baba anauliza kama mchuzi ingine iko."

Iko. Sufuria nzima iko motoni. Nimemwambia akae hapo nje, walipo mbuzi wake, asubiri nimalize kuandika.